Goti la Dereva wa Bajaji na Miaka Saba ya Kifungu cha 225

Jirani yangu anaendesha bajaji. Usiku mmoja wa msimu wa korosho, miaka kadhaa nyuma, alikuwa anarudi Mtwara mjini kwa barabara ya Newala akamkuta mtoto kalala pembeni ya lami. Kagongwa, na aliyemgonga keshatokomea. Jirani akasimama, akamfunga mguu kwa kipande cha khanga anachofutia kioo, akampakia siti ya nyuma. Hajawasha, watu wakatoka mikoroshoni. Walichokiona wao ni chombo, dereva na mtoto mwenye damu. Hesabu ikapigwa hapo hapo. Mpini wa jembe ulishuka mara mbili kwenye goti lake la kulia kabla mama mmoja aliyeiona ajali hajapiga kelele: siye huyu, jamani, siye huyu!

Mtoto alipona. Goti halijakunja sawasawa mpaka leo.

Kila zikija habari za muuguzi aliyepigwa na ndugu wa mgonjwa, au gari la zimamoto lililorushiwa mawe, barazani kwetu kwenye kahawa neno huwa moja: adhabu ziongezwe. Mzee mmoja hutaka maisha. Mwingine hutaka viboko juu yake. Mimi humtazama jirani yangu, aliyenyoosha mguu kwenye benchi kwa sababu haukunji, nikajiuliza kama kuna anayemhesabu yeye katika hao watu wanaofika kwanza.

Tuanze na sheria yenyewe, maana barazani huwa inarukwa. Tanzania Bara tunatumia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kazi mwaka 1945, wakati hata bandari ya Mtwara ilikuwa haijajengwa. Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la mwaka 2022. Katika kesi za vipigo sheria hii huuliza kwanza mambo mawili: mwili umepata nini, na mpigaji alikusudia nini. Ukimpiga mtu kofi lisiloacha alama, hilo ni shambulio la kawaida, kifungu cha 240, na mwisho wake ni mwaka 1 jela. Ukimwachia jeraha, unahamia kifungu cha 241, hadi miaka 5. Ukimsababishia madhara makubwa, kifungu cha 225, hadi miaka 7. Juu kabisa kipo kifungu cha 222: kama ulikusudia kumlemaza, kumharibu sura au kumdhuru vibaya, au ulimjeruhi ili kuzuia mtu asikamatwe kihalali, unaweza kufungwa maisha.

Maneno "madhara makubwa" yana mipaka yake. Kifungu cha 5 kinataja kulemazwa kiungo, kuhatarishwa maisha, kuharibiwa afya kwa kiasi kikubwa au moja kwa moja, kuachiwa ulemavu wa sura usiofutika, na kuumizwa vibaya kiungo cha nje au cha ndani. Goti lisilokunja limo humo bila ubishi. Pua iliyovuja damu usiku kucha haimo, hata kama shati lote limelowa na picha yake imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya mkoa. Ndiyo maana watu hushangaa kusikia mtu "aliyepigwa vibaya" kesi yake imefunguliwa kama shambulio tu.

Sasa njoo kwenye sare. Kipo kifungu cha 243, ambacho wengi hawakijui, kinachompa hadi miaka 5 mtu anayemshambulia polisi akiwa kazini, au yeyote anayemsaidia polisi huyo. Aya yake ya (e) inakwenda mbali zaidi na kumkinga mtu yeyote anayeshambuliwa kwa sababu ya jambo alilolitenda katika kutekeleza wajibu aliowekewa na sheria. Askari wa zimamoto anaweza kuingia hapo, na muuguzi wa serikali aliye zamu pia, mwendesha mashtaka akiijenga hoja yake vizuri. Kifungu hiki hakiulizi kama kuna mfupa uliovunjika. Kofi linatosha.

Ukiviweka vifungu hivi pamoja utakiona kioja chenyewe. Kofi kwa raia, mwaka 1. Kofi kwa askari, hadi 5. Mfupa wa raia, hadi 7. Mfupa wa askari, hadi 7 vilevile. Yaani sare inahesabika kofi likipigwa, lakini mkono ukivunjika inaacha kuhesabika. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaotaka adhabu kali, na sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiisema hivyo.

Hakimu hakufungwa macho, lakini. Ndani ya ile miaka 7 anaweza kuzingatia kwamba aliyeumizwa alikuwa anazima moto au anachoma sindano, akapandisha. Anaweza pia asizingatie. Mshtakiwa naye atasimama na maombi yale tunayoyajua sote: ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana wazazi wazee, familia inamtegemea. Baina ya "anaweza" na "lazima" ndipo ubishi wote unapokaa, na nchi nyingine zimekwisha kupita hapo.

Uingereza ilitunga mwaka 2018 sheria mahsusi ya kushambulia wafanyakazi wa dharura, kikomo miezi 12, kisha mwaka 2022 wakakipandisha hadi miaka 2. Lakini hiyo ni kwa mashambulio madogo. Kwa majeraha makubwa hawakutunga kosa jipya. Waliiagiza mahakama kwamba, kwa makosa yale yale ya siku zote, kazi ya aliyeumizwa lazima ihesabiwe kuwa sababu ya kuongeza adhabu, na hakimu aseme hivyo waziwazi. Walipogusa adhabu yenyewe, waligusa ile ya kusababisha kifo: baada ya polisi Andrew Harper kuuawa mwaka 2019, tangu 2022 mtu wa miaka 16 au zaidi anayemuua bila kukusudia mfanyakazi wa dharura aliye kazini, huku akitenda kosa jingine, kwa kawaida hupewa kifungo cha maisha.

Jimbo la Victoria, Australia, lilichagua njia ya kiwango cha chini: ukimjeruhi mfanyakazi wa dharura, jela isipungue miezi 6, na jeraha likiwa kubwa kiwango kinapanda. Ikaonekana kama mlango umefungwa kwa komeo. Mwaka 2016 wanawake wawili wakamshambulia mhudumu wa gari la wagonjwa, wakahukumiwa jela, na mwaka 2018 rufaa yao ikawaondolea kifungo kwa sababu sheria ilikuwa imeacha upenyo wa "sababu maalumu". Kelele zilipigwa nchi nzima, na mwaka huo huo sheria ikakazwa. Wanasheria wengi wamelisema hilo: ukimnyang'anya hakimu mizani, atatafuta upenyo pale anapoona haki inakwenda upande, ukiuziba, watakaobanwa zaidi ni wagonjwa wa akili na walevi, ambao ndio hasa wanaofikishwa kwa magari ya wagonjwa.

Sisi wenyewe viwango vya chini tunavijua. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 isiyopungua. Kwa hiyo anayesema "tuwawekee wanaopiga manesi kiwango cha chini" hazungumzii kitu kigeni. Na anayedhani Tanzania ina adhabu ndogo kwa madhara makubwa ana pa kuonyesha: vuka Namanga, kifungu cha 234 cha Kenya, kilichotoka kwenye ukoo mmoja na chetu, kinatoa hadi maisha kwa kosa lile lile ambalo kwetu ni 7. Waganda wamebaki na 7 kama sisi.

Lakini mfano ninaoutaka mimi ni wa India. Mwaka 2020, wakati wa korona, walibadilisha sheria yao ya magonjwa ya mlipuko: kumjeruhi vibaya mhudumu wa afya kukawa na kifungo cha kati ya miezi 6 na miaka 7. Ukomo ni ule ule wetu. Kilichokuwa kipya ni kalenda: upelelezi ukamilike ndani ya siku 30, na kesi ilengwe kwisha ndani ya mwaka mmoja. Magazeti yalishikilia ile miaka 7. Mimi naona dawa ilikuwa kwenye zile siku 30, na sababu yake utaiona tukirudi kwenye goti.

Jirani yangu alipelekwa hospitali, lakini kwanza kituoni, kuchukua PF3. Kila anayeumizwa anaijua fomu hii ya polisi: polisi anajaza upande wake, daktari upande wake, na mstari ambapo daktari anaandika aina ya madhara ndio unaoamua ngazi ya kesi. Kwake mganga wa zamu aliandika kwamba goti limevimba na kuna maumivu makali. Basi. X-ray iliyoonyesha kifuniko cha goti kimepasuka ilipigwa siku nne baadaye, mashine ilipopatikana, na hakuna aliyerudi kuiunganisha na fomu. Faili likaenda mbele likisema uvimbe.

Faili la uvimbe huzaa hati ya mashtaka ya uvimbe. Shauri lake likafunguliwa kama shambulio la kawaida, na shambulio la kawaida linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako hakimu kwa kawaida hafungi zaidi ya miezi 12. Hapo miaka 7 imekwisha kufutika, na hakuna aliyeifuta kwa makusudi. Hata lingepanda juu, kifungu cha 170 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa miaka mingi kimeziwekea mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu kikomo cha kawaida cha miaka 5 jela, ukiacha makosa yenye adhabu za chini zilizopangwa. Kisha kuna theluthi. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo hata miaka 7 kamili ni takriban minne na miezi minane. Ukimwambia hivyo mzee wa kifungo cha maisha, kikombe kinasimama njiani.

Kesi hiyo haikufika hukumu. Kifungu cha 163 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo kinairuhusu mahakama kuwasuluhisha watu katika shambulio la kawaida, au kosa la kibinafsi lisilo kubwa, kama maslahi ya umma hayadai adhabu. Ni kifungu chema. Kimeponya ndoa na mipaka ya mashamba. Lakini kosa likishashushwa ngazi, kinafunguka kwa yeyote. Wakaja wajomba wa upande wa pili, na huku kwetu kusini mjomba akija hujafungua mlango, umefungua ukoo mzima. Walikaa mkekani kuanzia asubuhi.

"Njomba, sisi hatukukujua," mkubwa wao akasema. "Giza lile. Tumeona damu ya mwana wetu."

"Mngeuliza," jirani akajibu.

"Tungeuliza. Umesema kweli. Ndiyo maana tumekuja na miguu yetu."

Ikatoka laki nne, mbuzi mmoja, na mtoto aliyeokolewa akaletwa amshike mkono. Nilikuwepo. Sikuona cha kulaumu pale mkekani, na bado najua kwamba upasuaji wa goti ungegharimu mara nyingi ya kile kilichotoka. Mahakama ikimtia mtu hatiani, kifungu cha 348 kinairuhusu kuamuru amlipe fidia aliyeumizwa juu ya adhabu nyingine, lakini fidia hiyo huja baada ya hukumu, na hapa hukumu haikuwepo. Angekuwa muuguzi mwenye mwajiri, angekuwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa kumwangalia. Yeye mwajiri wake ni mafuta ya siku.

Tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba kila kitu kingekwenda sawa: PF3 imejazwa vizuri, mashtaka ni ya kifungu cha 225, hakuna mkeka. Bado kuna swali la nani alishika mpini. Watu walikuwa kumi na zaidi, usiku, taa ya bajaji ikiangaza upande mmoja. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa macho katika mazingira magumu ni ushahidi dhaifu, usiotosha mpaka mianya yote ya kukosea iwe imezibwa: mwanga ulikuwa wa nini, umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulimjua kabla? Kanuni hii imewaokoa watu wengi wasio na hatia, na siombi ilegezwe. Ila ndiyo inayowafunika wapiga mawe. Nayo PF3 imewahi kutupwa nje ya ushahidi mara nyingi tu, kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe mahakamani aulizwe maswali. Daktari mwenyewe kwa wakati huo keshahamishiwa Liwale.

Kutoka jiwe mpaka jela, basi, kuna vituo vingi, na kila kituo abiria wanashuka. Kuongeza adhabu ni kurefusha kituo cha mwisho, ambako basi hufika na wachache. Na mtu aliye ndani ya kundi hapigi hesabu ya miaka. Anapiga hesabu ya kuonekana. Mwezi Oktoba 2016, Iringa Mvumi kule Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na gari lao kuchomwa moto, kwa uvumi kwamba ni wanyonya damu. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa kifo, na hakuna adhabu unayoweza kuipandisha juu ya hapo.

Uvumi wa namna hiyo sisi watu wa kando ya Mto Ruvuma tunaujua vizuri, maana umekuwa ukivuma ng'ambo ya mto tu. Msumbiji, katika mikoa ya Nampula na Cabo Delgado, wahudumu wa afya na watu wa kujitolea wameshambuliwa mara kwa mara nyakati za kipindupindu. Kwa Kireno klorini huitwa "cloro" na ugonjwa "cólera". Mtu akija kijijini na ndoo kusema anaweka cloro kisimani, kuna wanaosikia kwamba anaweka kipindupindu chenyewe. Mwaka 2009 wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa huko Nampula. Polisi wakakamata watu kwa wingi, na mwezi Machi, katika mahabusu ya Mogincual iliyojazwa kupita kiasi, zaidi ya watu kumi wakafa kwa kukosa hewa, wengi wao wakiwa wameshikwa kwa fujo hizo. Ukali wa dola kufika ulifika, tena haukungoja mahakama. Imani juu ya ndoo ya dawa haiwezi kuwa ilirudishwa na mahabusu ile.

Kwetu uvumi mkubwa ni mwingine, hauna damu: "zimamoto wamekuja bila maji." Nimeusikia tangu nikiwa mdogo, na ndio unaookota mawe. Fanya hesabu mwenyewe. Gari lenye lita 5,000, likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, litakuwa tupu baada ya dakika 10. Nyumba ya makuti haijakubali kuzimika. Gari linageuka kwenda kutafuta maji, na kwa aliye nje na godoro lake kichwani, gari linaloondoka ni gari linalokimbia. Sasa lipeleke gari hilo juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako kwa vizazi watu wameteremka bondeni kufuata maji na kununua kwa ndoo. Litajaza wapi? Anayetaka mawe yapungue angeanza kwa kuweka matangi ya kujazia, na askari mmoja wa kukaa nyuma na watu awaambie gari linarudi saa ngapi.

Simaanishi sheria iachwe ilivyo. Ile kasoro ya kofi na mfupa ni kasoro kweli. Ningeandika kama Waingereza: kosa libaki la 225, ukomo ubaki, lakini hakimu alazimike kuihesabu kazi ya aliyeumizwa na kutaja kwenye hukumu ameongeza kwa sababu hiyo. Ningezuia kesi za namna hiyo zisishushwe kwenye usuluhishi bila mwendesha mashtaka kuandika sababu. Ningechukua kalenda ya India. Kiwango cha chini nisingekiweka. Tunao wafungwa wa kutosha waliofungwa na namba badala ya hakimu.

Na ningehangaika zaidi na neno moja: nani. Aya ile ya (e) inamlinda mwenye "wajibu aliowekewa na sheria". Huku kwetu anayefika kwanza mara nyingi hana wajibu wowote. Ni bodaboda, ni mvuvi, ni balozi wa nyumba kumi. Mjamzito akipiga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, kutoka kijiji kisicho na gari la wagonjwa, anayekuja huwa ni dereva wa kawaida wa jirani aliyejiandikisha. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, huwezi kusema watu wangoje mwenye sare avuke. Kifungu kikisema "mtu yeyote anayetoa msaada wa dharura kwa nia njema", wote hao wameingia. Kikisema "mtumishi", wamebaki nje, na tutakuwa tumewalinda walio wachache barabarani.

Jirani yangu aliniomba nimsomee hiyo aya yenyewe, neno kwa neno. Nikamsomea mara mbili, ya pili polepole.

"Wajibu aliowekewa na sheria," akarudia. "Mimi nani aliniwekea?"

"Hakuna."

"Basi hapo simo." Akaushika mguu kwa mikono miwili, akauingiza ndani ya bajaji, akawasha kwenda stendi. Mabasi ya Masasi yalikuwa yanakaribia kuingia.